Kompyuta ni ya bosi. Na vilivyomo je?

Siku hizi hata duka la makarani watatu pale Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, lina kompyuta, laini ya WhatsApp ya biashara na kamera ukutani. Pamoja na vifaa hivyo yamekuja maneno ambayo wenye maduka huyatamka kwa uhakika mkubwa. Mengi yake si kweli.

"Kompyuta nimenunua mimi, kilichomo ni changu."

Dhana hii ndiyo iliyoota mizizi zaidi. Kifaa ni chako, hakuna ubishi. Unaweza kukataza watu wasitazame mpira saa za kazi, unaweza kufunga tovuti fulani. Lakini ujumbe ambao karani amemwandikia mkewe una wenyewe wawili, na mmoja wao hujamwajiri. Haki ya faragha imo katika Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya na Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania, wala mtu haiachi getini anapoingia kazini.

Mwaka 2007 kampuni moja ya Bucharest ilimfuatilia kwa siku kadhaa mhandisi wake wa mauzo, kupitia akaunti ya Yahoo Messenger ambayo yenyewe ilimtaka aifungue kwa ajili ya wateja. Ikamwekea mezani kurasa 45 za mazungumzo yake na ndugu yake na mchumba wake, kisha ikamfukuza. Kanuni za kampuni zilikataza matumizi binafsi, naye alizijua. Mahakama za Romania zikaiunga mkono kampuni. Septemba 2017, katika kesi ya Bărbulescu dhidi ya Romania, majaji 11 kati ya 17 wa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu walisema faragha yake haikulindwa. Haikuonyeshwa kuwa aliambiwa mapema kwamba hata maneno yenyewe yangesomwa, na hakuna aliyepima kama palikuwa na njia nyepesi zaidi.

Hukumu hiyo haiwafungi majaji wetu. Ila Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 nayo inataka mtu aambiwe, kabla data zake hazijakusanywa, ni zipi na za kazi gani. Kwa hiyo sema mapema, kwa maandishi. Sahihi kwenye mkataba peke yake haitoshi: anayehitaji mshahara atatia sahihi chochote, na sheria hiyo hiyo inauliza kama ridhaa ilitolewa kwa hiari.

"Nikiwachunga sana, data iko salama."

Bosi husema kikulacho ki nguoni mwako, halafu ananunua programu ya kuhesabu nani hajagusa kipanya kwa dakika kumi. Hapo amepima uvivu, tena vibaya. Maghala ya Amazon nchini Ufaransa yalikuwa yakirekodi vipindi vya mfanyakazi kutulia kupitia skana yake ya mkononi, na kampuni ikatozwa faini ya euro milioni 32 mwishoni mwa 2023.

Sasa tazama kikulacho chenyewe. Mkaguzi wa ndani wa Morrisons, maduka makubwa ya Uingereza, alipewa data za mishahara ya wafanyakazi wote awafikishie wakaguzi wa nje. Alipewa kihalali, kama sehemu ya kazi yake. Alikuwa na kinyongo kwa sababu ya onyo la kinidhamu, akajiwekea nakala, na mwaka 2014 akamwaga mtandaoni za watu karibu 100,000. Alifungwa miaka minane. Mtu kama huyo hahitaji kuvunja kitu. Swali la kujiuliza dukani kwako ni nani anaweza kupakua orodha ya wateja, na kwa nini wote wanaweza.

"Ameacha kazi, yameisha."

Karani ameondoka, nywila bado ni jina la duka na mwaka. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhesabia kosa mtu anayeendelea kutumia mfumo baada ya muda wake wa ruhusa kwisha. Kenya, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inamtaka mfanyakazi aachie nywila zote mara ajira inapokoma. Vizuri, lakini sheria humfikia karani huyo wakati wateja wako wameshahamia kwa jirani. Kubadilisha nywila ni kazi ya dakika mbili. Na kama watu wanne walikuwa wakitumia moja, hutaweza kuthibitisha ni nani aliyeingia.

Sheria hizo zinakata pande zote mbili, jambo ambalo mabosi hawapendi kulisikia: anayebahatisha nywila ya barua pepe binafsi ya karani wake naye anaingia bila ruhusa.

"Hayo ni ya mabenki."

Mwaka 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza klabu moja ya burudani ya Nairobi KSh 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja KSh 4,550,000 kwa picha za watoto. Biashara ndogo yenye mapato chini ya KSh milioni 5 na wafanyakazi wasiofika kumi inaweza kusamehewa kujisajili, si kuitii sheria.

Data zikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, Kamishna aambiwe ndani ya saa 72 tangu ujue. Bosi anayetumia siku mbili za kwanza kumsaka msaliti kati ya makarani wake anabaki na saa 24 za kuandika taarifa.