"Dude" la Kiingereza si dude letu

Kwa macho ya Mswahili, neno hili ni dude: kitu kikubwa, au kitu ambacho jina lake halikujii upesi. La Kiingereza hutamkwa "duud", na halihusiani na madude yetu hata kidogo.

Kamusi zitakwambia ni mwanamume, jamaa. Ni kweli. Mmarekani akisema "some dude called", ana maana kuna jamaa kapiga simu, basi. Ila mara nyingi halimtaji mtu, linabeba hisia za msemaji, na hisia hizo zimo kwenye sauti. Likivutwa, "duuude!", ni furaha au mshangao. Likikatwa ghafla, ni onyo: hebu, umenikanyaga! Likishushwa polepole, ni pole. Rafiki yako kakwambia kaachwa na mchumba, nawe huna la kusema, basi unalitamka neno hilo moja na kunyamaza.

Sisi kazi hiyo tumempa "bwana". Katika "acha bwana!" au "twende zetu bwana" hakuna heshima ya ubwana, na hata mwanamke huambiwa hivyo. Kwa maoni yangu, "dude" likija mwishoni mwa sentensi, "bwana" hulifasiri vizuri kuliko "jamaa".

Lilianza kama dhihaka. Mwaka 1883 magazeti ya New York yalilitumia kuwacheka vijana watanashati waliojifanya Waingereza: suruali za kubana, kola ndefu, mkongojo wa mapambo mkononi. Lilipofika magharibi mwa Marekani, wachunga ng'ombe wakamwita hivyo mgeni wa mjini asiyejua maisha ya shamba, na ranchi zinazopokea watalii wa namna hiyo bado huitwa "dude ranch". Vijana wa California walioteleza na mawimbi ya bahari ndio waliochangia sana kulieneza likiwa neno la kuitana marafiki.

Mwanaisimu Scott Kiesling aliandika makala nzima juu yake mwaka 2004. Alieleza kuwa linaonyesha ukaribu usio wa kung'ang'aniana: tuko pamoja, lakini kila mtu na nafasi yake. Wanaume vijana ndio hulitumia zaidi wao kwa wao. Wanawake nao huitana hivyo, ingawa wapo wasiopenda kuitwa hivyo na mwanamume, na hao ni haki yao kusikilizwa. Mbele ya hakimu, bosi usiyemzoea au mzee wa watu, tumia "sir" au "ma'am".