Kilo Ngapi Zinunuliwe Alfajiri? Wastani na Uwezekano kwa Wanafunzi wa Biashara

Mwanafunzi wa usimamizi wa biashara akipewa rekodi za mauzo, hukimbilia wastani. Si vibaya. Tatizo ni kwamba wengi huishia hapo, wakaufanya wastani kuwa jibu la swali ambalo wastani peke yake hauwezi kulijibu: ninunue kiasi gani? Nitatumia meza ya samaki sokoni Mombasa, kwa sababu samaki hamsubiri mtu, na hesabu mbaya hujulikana jioni ile ile.

Tuchukue mauzo ya siku 10, kwa kilo: 17, 18, 19, 20, 20, 20, 21, 22, 23 na 60. Ile 60 ni siku ya oda ya harusi. Jumla ni 240, kwa hivyo wastani ni kilo 24. Sasa zitazame tena nambari zenyewe. Siku 9 kati ya 10 hazikufika 24! Muuzaji akinunua kilo 24 kila alfajiri, atabakiwa na samaki karibu kila jioni, na siku ya harusi bado watampungukia. Thamani ya kati hueleza hali vizuri zaidi: zipange nambari kutoka ndogo hadi kubwa, na kwa kuwa ziko 10, chukua ya tano na ya sita, zijumlishe, ugawe kwa 2. Jibu ni 20. Wastani ukiwa mbali na thamani ya kati, usiendelee kabla hujajua ni siku gani iliyouvuta.

Ile 60 iweke kando. Oda ya harusi hujulikana mapema na hununuliwa mzigo wake. Zinabaki siku 9, jumla 180, wastani 20. Swali linalofuata ni mauzo hutawanyika kiasi gani kuuzunguka wastani huo. Tafuta tofauti ya kila nambari na 20, kisha izidishe kwa yenyewe: 9, 4, 1, 0, 0, 0, 1, 4, 9. Jumla ni 28. Gawa kwa 8, upate 3.5, kipeuo chake cha pili ni 1.87. Huo ndio mkengeuko sanifu: siku za kawaida huachana na wastani kwa kilo 2 hivi. Ukiirudisha 60, mkengeuko unaruka hadi 12.8, na siku moja tu ndiyo iliyofanya hivyo.

Kwa nini 8 na si 9? Kwa sababu wastani umetoka kwenye nambari hizo hizo, na tofauti zote 9 zikijumlishwa lazima zilete sifuri. Ukishazijua 8, ya mwisho imejulikana. Katika Excel, STDEV.S hugawa hivyo na ndiyo inayofaa kwa sampuli, STDEV.P hugawa kwa idadi nzima. Na angalia seli tupu: AVERAGE huiruka seli tupu, lakini seli yenye 0 huihesabu. Siku ambayo meza haikufunguliwa iache tupu. Siku iliyofunguliwa na hakuna aliyenunua, andika 0.

Lakini makosa makubwa hutokea kabla ya kikokotoo kushikwa, na hapa ndipo ningependa mwanafunzi akae sana. La kwanza: mauzo si mahitaji. Muuzaji aliyenunua kilo 20 na kumaliza saa nne asubuhi ataandika 20, ilhali huenda wateja walitaka 26. Rekodi za namna hiyo zikijaa, wastani hushuka, naye hununua kidogo zaidi, halafu humaliza mapema zaidi. Dawa yake ni safu moja ya ziada daftarini: saa ambayo samaki walikwisha, na wateja wangapi waliulizia baada ya hapo. La pili ni msimu. Wakati wa kusi, upepo wa msimu utokao kusini, bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki kama kawaida, na bei hupanda. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, mambo ni mengine. Ukichanganya miezi hiyo utapata wastani usiofanana na mwezi wowote. La tatu ni Ramadhani. Kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 hadi 12 katika kalenda ya Januari hadi Desemba, kwa hivyo kulinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana kunaweza kuwa ni kulinganisha mwezi wa mfungo na mwezi wa kula mchana. Kwa Mombasa, linganisha Ramadhani kwa Ramadhani.

Data ikishasafishwa, tunaingia kwenye uwezekano. Tuseme siku 50 za msimu mmoja zimeonyesha mahitaji hivi: kilo 16 siku 5, kilo 18 siku 10, kilo 20 siku 15, kilo 22 siku 10, kilo 24 siku 10. Gawa kila idadi kwa 50: uwezekano ni 0.1, 0.2, 0.3, 0.2 na 0.2. Zijumlishe, zisipofika 1, umekosea mahali. Bei za mfano wetu: kilo hununuliwa shilingi 300, huuzwa 500, na inayobaki jioni huchukuliwa na mama karanga, yaani mwanamke anayekaanga samaki wa kuuza, kwa 200. Kilo iliyokosekana inakunyima faida ya 200. Kilo iliyobaki inakutia hasara ya 100.

Gawa 200 kwa 300, yaani gharama ya kupungukiwa kwa jumla ya gharama zote mbili. Unapata 0.67. Hicho ndicho kipimo chetu: nunua kiasi cha kwanza ambacho uwezekano wa mahitaji kutokizidi unafika 0.67. Sasa jumlisha uwezekano kutoka chini: hadi kilo 16 ni 0.1, hadi 18 ni 0.3, hadi 20 ni 0.6, hadi 22 ni 0.8. Kiasi cha kwanza kinachofika 0.67 ni kilo 22. Usiniamini hivi hivi, thibitisha. Ukinunua 22, faida ya siku ni 2,600 mahitaji yakiwa 16. 3,200 yakiwa 18. 3,800 yakiwa 20. Na 4,400 yakiwa 22 au zaidi. Zidisha kila moja kwa uwezekano wake, ujumlishe: 3,800. Kwa kilo 20 utapata 3,760, kwa 24 utapata 3,720. Wastani wa mahitaji ni 20.4, nao usingekwambia hayo.

Mama karanga akikosekana, na mabaki yakatupwa, hasara ya kilo iliyobaki inakuwa 300. Kipimo kinashuka hadi 200 kwa 500, yaani 0.4, na kiasi bora kinarudi kilo 20. Wateja hawajabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni gharama ya kukosea.

Mwenye meza akifungua ya pili, moja Likoni na nyingine Mwembe Tayari, zote Mombasa, kuna mtego mwingine. Uwezekano wa kila meza kuwa na siku mbaya ya kilo 16 ni 0.1, na wanafunzi huzidisha haraka: 0.1 mara 0.1, sawa na 0.01. Kuzidisha huko ni halali tu ikiwa tukio moja halibebi habari ya lingine. Mvua kubwa hunyesha pande zote mbili, na mwisho wa mwezi mishahara huingia pande zote mbili. Rudi kwenye daftari uhesabu. Katika siku 50 kila meza ilikuwa na siku mbaya 5. Kama haziathiriani, tungetarajia zigongane nusu siku tu. Ukikuta zimegongana siku 4, tumia 4 kwa 50, yaani 0.08, na uweke akiba ya kununulia mzigo wa kesho kwa kipimo hicho.