Sumu ya vidonge vya ghalani, moyo na chembechembe nano: maswali na majibu

Tunazungumzia sumu gani?

Vile vidonge vya kijivu vinavyowekwa kwenye mahindi ili kuua fukusi na dumuzi. Ndani mna aluminiamu fosfidi. Ikipata unyevu, hata ule wa hewani tu, hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inaua wadudu, na inaua watu pia. India na Iran zimezika wengi kwa sumu hii. Huko Iran wanaviita vidonge vya mchele.

Kwa nini moyo ndio unaoumia zaidi?

Moyo haupumziki, kwa hiyo seli zake zinahitaji nishati kila sekunde. Nishati hiyo hutengenezwa ndani ya seli na vijisehemu vidogo viitwavyo mitokondria. Fosfini huziba kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za seli) kinachotumia oksijeni katika hatua ya mwisho ya kazi hiyo. Nishati inapungua, na wakati huohuo zinazaliwa molekuli haribifu za oksijeni zinazoshambulia utando wa seli na kumaliza akiba ya kinga yake, glutathioni. Msuli wa moyo unalegea, mapigo yanavurugika, shinikizo la damu linaanguka.

Mgonjwa anaweza kuwa anaongea vizuri huku haya yote yakiendelea. Ndugu wanadhani amepona, wanachelewa kumpeleka hospitali. Hili linaniuma kuliko yote.

Hospitali hawana dawa ya kuiondoa?

Dawa mahsusi ya kuivunja nguvu fosfini haipo. Madaktari huushikilia mwili usizimike: oksijeni, dawa za kupandisha shinikizo, magnesiamu, na penye uwezo, mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda.

Chembechembe nano zinaingia wapi hapo?

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe ndogo kiasi hicho inaweza kupenya hadi ndani ya seli, pale uharibifu unapotokea. Inayovutia sana ni ya seriamu oksaidi, yaani metali ya seriamu iliyoungana na oksijeni. Atomi zake hupokea elektroni na kuzitoa tena, hivyo chembe ileile huweza kuzima molekuli haribifu mara nyingi, wakati vitamini C ikishatoa elektroni zake hulazimika kurejeshwa upya. Zipo pia za seleniamu. Zaidi ya miaka kumi iliyopita, watafiti wa Tehran waliwapa panya waliolishwa sumu hii chembechembe nano zilizobeba magnesiamu, na mioyo yao ikaonyesha nafuu.

Basi ninunue virutubisho vya "nano" niviweke nyumbani?

Hapana, tafadhali. Matokeo haya ni ya panya na ya seli zilizokuzwa maabara, ambako mtafiti ndiye anayechagua saa ya kutoa sumu na saa ya kutoa kinga. Mgonjwa wetu hufika saa kadhaa baadaye, kwa bodaboda. Isitoshe, chembechembe za seriamu hujikusanya kwenye ini na wengu, na mazingira yakibadilika zinaweza zenyewe kuchochea uharibifu ule ule.

Mtu akivuta gesi au akimeza, nifanye nini?

Mtoe nje penye hewa, mvue nguo zilizoguswa na sumu, mkimbize hospitali hata kama anasema yuko sawa. Usimtapishe, usimpe maji: maji huongeza gesi. Usimpulizie pumzi mdomo kwa mdomo, na kaa mbali na matapishi yake, kwani nayo hutoa gesi. Mwambie daktari jina la dawa. Kama alimeza kwa makusudi, usimkaripie na usimwache peke yake. Anahitaji mtu wa kumsikiliza kama anavyohitaji dripu.

Mahindi yangu nitayahifadhije?

Yakaushe vizuri, uyatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa yenye tabaka za plastiki ndani, ufunge kila tabaka kwa nguvu. Wadudu hukosa oksijeni na kufa bila dawa yoyote. Ukilazimika kutumia vidonge, asilale mtu wala mtoto kwenye chumba chenye magunia hayo, wala chumba cha jirani kinachopitisha hewa nacho.