Kufupisha Anwani za Mtandao: Sufuri Si Pambo

Fomu nyingi za kuomba kuunganishwa na mtandao, kutoka Unguja na Pemba, zinarudishwa kwa sababu ya anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni, zilizofupishwa visivyo. Kufupisha kunaruhusiwa, kisichoruhusiwa ni kila mtu kufupisha kwa desturi yake.

Malalamiko makubwa yanahusu namba inayofuata mkwaju (alama /). Namba hiyo haihesabu kompyuta. Inahesabu biti (tarakimu za 0 au 1) za mwanzo zinazotambulisha mtandao, kati ya biti 32 za anwani ya toleo la nne (IPv4), kwa hiyo kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo nafasi za vifaa zinavyopungua. Skuli moja ya Pemba yenye kompyuta 30 iliandika 192.168.20.0/30, lau ombi hilo lingepita, ingepata anwani nne, na mbili tu ndizo za kuweka kwenye vifaa. Hata /27 isingeitosha, kwani hutoa nafasi 30 kamili na ruta, kifaa kinachounganisha mtandao huo na mingine, nayo inataka yake, hivyo iliyostahiki ni /26.

Tumeshaeleza, na inatulazimu kueleza tena, kwamba sufuri haziongezwi mbele ya namba ili safu zilingane. Zipo programu zinazosoma namba ya namna hiyo kwa msingi wa nane (hesabu ya tarakimu 0 hadi 7, ambamo 10 ni nane), na kwao 192.168.010.5 ni 192.168.8.5, yaani mtandao mwengine kabisa.

Katika toleo la sita (IPv6), lenye mafungu manane ya tarakimu nne nne (0 hadi 9 na a hadi f), sufuri za mbele huondolewa, na mafungu ya sufuri tupu yanayofuatana huwakilishwa na alama :: mara moja tu. Anwani 2001:0db8:0000:0000:0008:0000:0000:417a huandikwa 2001:db8::8:0:0:417a. Ukiweka alama hiyo pande zote mbili, hakuna awezaye kujua ni mafungu mangapi yameondolewa kila upande.

Fomu yenye kasoro hairekebishwi na watumishi wetu, hata kosa likiwa wazi, kwa sababu aliyetia saini ndiye mwenye dhamana ya alichoandika. Hurejeshwa kwa barua kupitia kwa mkuu wa taasisi, hujazwa na kupigwa muhuri upya, na huingia foleni kwa tarehe ya kupokelewa mara ya pili. Kifaa kitakachokutwa na anwani isiyomo kwenye rejesta hukatwa mtandaoni bila ya taarifa, mpaka maelezo ya maandishi yakubaliwe. Asiye na uhakika wa kufupisha anwani ya toleo la sita aandike tarakimu zote 32. Fomu hiyo hatuikatai.