Kaboni haikupima umri wa Zinjanthropus: dhana potofu kuhusu isotopi za potasiamu

Dhana: Umri wa fuvu la Zinjanthropus ulijulikana kwa kupima kaboni.

Hili nimelisikia hata kwa waliosoma sayansi, nami naona linaipunja sifa yake Oldupai, bonde la kaskazini mwa Tanzania lilikopatikana fuvu hilo la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Nusumaisha ya kaboni-14, kaboni yenye mionzi inayotumika kupima umri, ni miaka 5,730 hivi: kila muda huo ukipita, hubaki nusu ya iliyokuwepo. Ikifika miaka 50,000 hivi, iliyosalia ni chache mno hata kuipima ni taabu. Fuvu aliloliona mwanaakiolojia Mary Leakey Julai 1959 lina miaka ipatayo milioni 1.75.

Umri huo ulitangazwa mwaka 1961, na iliyotoa jibu ni potasiamu-40, isotopi (yaani aina) ya potasiamu yenye mionzi na yenye nusumaisha ya miaka bilioni 1.25. Wala mfupa wenyewe haukupimwa. Yalipimwa majivu ya volkano ya tabaka lilelile. Mwamba ukiwa bado uji wa moto, gesi ya arigoni hutoroka. Ukishaganda, arigoni-40 inayozaliwa na potasiamu-40 hunaswa ndani ya fuwele, ikajikusanya taratibu. Pima arigoni hiyo, pima na potasiamu iliyopo, utajua mwamba uliganda lini. Kwangu mimi, hakuna kazi ya isotopi inayopendeza kuliko hii.

Dhana: Isotopi ni kitu chenye mionzi.

La. Potasiamu yoyote ina protoni 19. Isotopi zake hutofautiana kwa idadi ya nutroni tu. Potasiamu-39 ina nutroni 20, nayo ni kama asilimia 93 ya potasiamu yote duniani. Potasiamu-41 ina 22. Zote mbili ni tulivu, hazitoi mionzi kabisa. Inayotoa ni potasiamu-40 peke yake, atomi moja katika kila 8,500 hivi.

Dhana: Ukila ndizi nyingi, mionzi itajazana mwilini.

Ni kweli ndizi ina potasiamu-40 kidogo. Maharage, viazi na maji ya dafu pia yanayo. Lakini mwili hujiwekea kiwango chake cha potasiamu, na ziada figo huitoa kwa mkojo. Ule ndizi usile, ndani ya mtu mzima atomi zaidi ya 4,000 za potasiamu-40 huvunjika kila sekunde.

Mgonjwa wa figo anayeambiwa apunguze ndizi haambiwi kwa sababu ya mionzi. Potasiamu ikizidi kwenye damu, hata ile tulivu, huvuruga mapigo ya moyo.