Kitabu cha Maana na Nchi Iliyo Angani

Jumamosi moja mzee wa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga mjini, alikuja maktabani kwetu na mwanawe wa kidato cha pili. Kijana alikuwa ameshika kitabu chenye farasi wa mabawa kwenye jalada. Mzee akakichukua kwa upole, akakiweka mezani pangu, akasema, "Mwalimu, huyu amezidi na mambo ya majini. Mpatie kitabu cha maana." Nikaenda rafuni, nikarudi na *Kusadikika* ya Shaaban Robert. Uso wa mzee ukakunjuka. "Hicho ndicho. Huyo ni wa kwetu."

Ni wa kwetu kweli. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa Tanga, mwaka 1909, na kaburi lake liko Machui. Ila kitabu alichokipokea mzee kwa furaha kinasimulia nchi inayoelea angani, ambayo mipaka yake ni pepo: kaskazi, kusi, matlai na umande. Wajumbe wa nchi hiyo wanatumwa pande zote, hata mbinguni, hata ardhini. Kwa mambo yasiyowezekana, farasi wa mabawa hafui dafu mbele ya kitabu hicho.

Nataka tuzungumze kuhusu farasi yule na nchi ile, kwa sababu wazazi wengi huniletea ombi la mzee huyu. Fantasia ni hadithi ya kubuni ambayo yasiyowezekana duniani kwetu ndiyo kawaida yake. Humo mnyama husema, mtu hugeuka jiwe, nchi hukaa hewani, na wenyeji wa hadithi hawaulizi imekuwaje. Walio wengi huiona ni fasihi ya kitoto, ya kupitishia muda, ambayo mtu anatakiwa aiache akishaota ndevu.

Nimekaa na wasomaji miaka mingi, na hili ndilo ninaloliona. Hadithi ya ajabu ikiwa dhaifu, tunaiita fantasia. Ikiwa bora, tunaibadilisha jina. *Kusadikika* darasani ni istiari ya ukoloni. *Adili na Nduguze*, yake pia Shaaban Robert, yenye manyani wawili wanaochapwa kila usiku na mji ambao watu wake wamegeuka mawe, tunaifundisha kama kitabu cha maadili. *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, tunaiita riwaya ya majaribio. Majina hayo yote ni sahihi. Lakini yakishatolewa, rafu ya fantasia inabaki na vitabu dhaifu peke yake, nasi tunaitazama na kusema, mnaona? Ni sawa na kuwachukua wachezaji bora wa Coastal Union kila msimu, kuwavalisha jezi ya timu nyingine, kisha kutangaza kwamba Tanga haina mpira.

Na hiyo istiari yenyewe haisimami bila ajabu. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na *Kusadikika* ilichapishwa mwaka 1951, Mwingereza angali anatawala. Katika kitabu hicho, mtu aitwaye Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliokwenda mbali, wakarudi na mema ya kuifaa nchi, wakalipwa kifungo. Angeiweka kesi hiyo katika boma la Tanga, mbele ya bwana shauri, sidhani kama ingefika kwa mpiga chapa. Kuiweka angani kulimpa nafasi. Zaidi ya hapo, kulikifanya kitabu kisizeeke. Mkoloni ameondoka, na msomaji wa leo bado anamtambua Waziri Majivuno, mshtaki wa Karama.

Dharau hii ina mizizi kadhaa, na mmoja umetoka mbali. Ulaya ya karne ya 19 ilipoupa uhalisia, yaani uandishi wa maisha kama yalivyo, kiti cha mbele, hadithi za ajabu zilipelekwa chumba cha watoto. Mwandishi Mwingereza J. R. R. Tolkien alilisema hili katika mhadhara wake wa mwaka 1939 huko Uskochi: zilipelekwa huko kama samani kuukuu, kwa sababu wakubwa hawakuzitaka tena, wala si kwa sababu watoto ndio wenyewe. Shule za kikoloni zilituletea kipimo hicho, na juu yake zikaongeza aibu, kwamba mizimu na majini ni alama ya ushamba. Amos Tutuola wa Nigeria alipochapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1952, iliyojaa viumbe vya msituni, baadhi ya wasomi wa kwao walikasirika wakiona amewaaibisha mbele ya Wazungu.

Kwetu likaja Azimio la Arusha mwaka 1967. Mwandishi alitarajiwa kuandika habari za mkulima, mfanyakazi na kijiji. Sioni kosa katika kuyataka hayo. Ila wahakiki wakazoea kugawa riwaya mafungu mawili, dhati, yaani zinazohesabiwa nzito, na pendwa, yaani za burudani, na chochote chenye jini kikaelekea kudondokea fungu la pili kabla hakijafunguliwa. Mitihani nayo inauliza dhamira na ujumbe. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika insha ya mtumbwi unaowasimulia wavuvi safari za mabwana zake waliokufa. Ilirudi na neno moja kwa wino mwekundu: "Haiwezekani." Sikuandika hadithi nyingine kwa miaka mingi.

Kuna hofu ya wazazi pia, na hii naiheshimu. Watu wa Tanga tumesemwa nchi nzima kwa uchawi. Mzazi akiona jini kwenye jalada anaona jina la mtoto wake, dini yake na mji wake vinachafuliwa. Ninachomwomba akumbuke ni namna tulivyosimuliwa sisi wenyewe. Bibi akisema "Paukwa", tuliitika "Pakawa". Akisema "Hadithi, hadithi", tuliitika "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Tuliuita uongo kwa jina lake, mlangoni, kabla haujaingia, na hakuna aliyedanganywa. Mganga anataka uamini. Msimulizi anataka usikilize. Mtoto anayejua tofauti hiyo ana kinga.

Na uongo ule ulibeba mizigo mizito. Askofu Edward Steere alikusanya ngano za Unguja akazichapisha London mwaka 1870. Mojawapo ni ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka alianza na mifugo, na watu wakaja kushtaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na mnyama aliyeliwa ni wake. Paka akala mnyama baada ya mnyama, kisha akaingia kwenye watu, na jibu halikubadilika, mpaka alipowala wana wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo Sultani alipokiri kwamba huyo si paka tena, ni Nunda, mla watu. Nimesoma makala nyingi kuhusu wakubwa wanaowalea wabaya wao, na sijaona iliyolisema jambo hilo kwa usahihi huo.

Mzazi atauliza: basi nitajuaje kilicho kizuri? Tazama kama ajabu ina mipaka na gharama. Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani yetu, hapenyeki kwa silaha yoyote, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Ajabu ina tundu moja, na tundu hilo analijua mwanawe, ambaye ndiye anayemuua. Ndipo hadithi inapouma. Adili naye ni lazima awachape wale manyani kila usiku ingawa moyo wake hautaki, kwa kuwa hao ni nduguze. Kitabu ambacho hirizi inafungua kila mlango na shujaa halipi chochote, kirudishe tu. Kukirudisha huko kusiwe kwa sababu ya hirizi, bali kwa sababu mwandishi amefanya uvivu. Uvivu huohuo uko tele katika riwaya za mapenzi ya mjini ambazo hazina jini hata mmoja.

Yule mzee aliondoka na *Kusadikika*, na kwa ombi langu akamwachia mwanawe kile cha farasi pia. Wiki iliyofuata kijana alikuja peke yake. Alitaka kujua: ikiwa mpaka wa kaskazini wa nchi ile ni upepo wa kaskazi, je, kaskazi likiisha na kusi likaanza kuvuma, nchi inahama? Babu yake ni mvuvi, akaniambia, na amemweleza kwamba kaskazi halikai mwaka mzima. Nilifundisha kitabu kile zaidi ya mara kumi na sikuwahi kuulizwa hivyo. Nilimpa karatasi na kalamu ya risasi, akaketi karibu na dirisha, akaanza kuichora ramani.