Benzi: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Ukikaa na wapenzi wa magari, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, hutakosa kusikia kwamba Mercedes alikuwa mke wa Bwana Benz. Hadithi hiyo inapendeza, maana inaliunganisha jina refu la Mercedes-Benz kwa ndoa moja. Lakini mke wa Karl Benz aliitwa Bertha, na huyo Mercedes hakuwa na undugu wala ndoa na Benz. Nimeifuatilia historia ya kampuni hii kwa sababu nayapenda magari yake, na nimegundua kwamba karibu kila uzushi unaosimuliwa juu yake unamfuta mtu fulani aliyetoa jasho. Hao ndio ninaotaka warudi mahali pao.

"Mercedes alikuwa mke wa Benz"

Mercédès Jellinek alizaliwa Vienna mwaka 1889. Baba yake, Emil Jellinek, alikuwa mfanyabiashara aliyeishi Nice, kusini mwa Ufaransa. Aliwauzia matajiri wa pwani ile magari ya Daimler, kampuni ya Kijerumani, na kwenye mashindano alitumia jina la binti yake. Magari ya Daimler ya siku hizo yalikuwa yamenyanyuka juu kama mikokoteni ya farasi, na yalikuwa hatari kwenye kona. Mwezi Machi 1900 dereva Wilhelm Bauer alikufa akiendesha moja katika mashindano ya kupanda mlima kutoka Nice kwenda La Turbie.

Baada ya ajali hiyo Jellinek alitaka gari jipya kabisa: refu, pana, lililokaa chini, lenye nguvu zaidi, na liitwe Mercedes. Aliagiza magari 36 kwa mpigo mmoja, yenye thamani ya mark 550,000 za dhahabu. La kwanza, lenye nguvu za farasi 35, lilimfikia Desemba 1900. Machi 1901, katika wiki ya mashindano ya Nice, liliwaacha wapinzani mbali. Mwaka 1902 jina "Mercedes" likasajiliwa kuwa alama ya biashara. Mtoto mwenye jina alikuwa na miaka 11 gari lilipokamilika. Hakubuni wala kuunda chochote, na alifariki Vienna mwaka 1929 kabla ya kutimiza miaka 40.

Kichwa kilicholibuni gari lile kilikuwa cha Wilhelm Maybach, na hapa ndipo ninaposikitika kila mara, kwa kuwa wengi wanalijua jina Maybach kama nembo ya gari la bei mbaya tu. Maybach alikuwa yatima. Alilelewa katika nyumba ya misaada mjini Reutlingen, na ndani ya karakana ya nyumba hiyo Gottlieb Daimler alikiona kipaji chake akiwa bado kijana. Rejeta yenye matundu madogo madogo kama sega la nyuki, iliyoiwezesha injini yenye nguvu kupoa kwa maji machache, ni kazi yake. Fremu ya chuma iliyokaa chini pia ni yake. Umbo la gari tunalolijua leo, lenye injini mbele na lisilofanana tena na mkokoteni, lilipata sura katika kazi hiyo.

"Daimler na Benz walianzisha kampuni pamoja"

Walikuwa washindani. Daimler alifanya kazi Cannstatt, karibu na Stuttgart, na Benz alikuwa Mannheim. Daimler alifariki Machi 1900, hata gari la kwanza la Mercedes halijatoka. Kampuni zao ziliungana tarehe 28 Juni 1926, miaka 26 baadaye, baada ya uchumi wa Ujerumani kuyumba kufuatia Vita vya Kwanza vya Dunia. Benz aliishi hadi 1929 na aliushuhudia muungano huo. Nyota ya ncha tatu ilitoka upande wa Daimler: wanawe walikumbuka nyota ambayo baba yao aliichora juu ya nyumba yao kwenye postikadi, wakaisajili 1909. Taji la majani lililoizunguka baadaye lilitoka upande wa Benz.

"Benz ndiye aliyevumbua, Bertha alipanda tu"

Tuanze na Benz mwenyewe. Karl Benz aliwasilisha ombi la hataza (haki ya uvumbuzi) namba 37435 tarehe 29 Januari 1886. Chombo chake kilikuwa na magurudumu matatu, injini ya silinda moja isiyofikia hata nguvu ya farasi mmoja, na mwendo wa kama kilomita 16 kwa saa. Hakikuwa chombo cha kwanza kujiendesha, kwa kuwa Mfaransa Cugnot alikuwa amejaribu gari la mvuke tangu 1769. Sifa ya Benz ni kwamba alibuni gari zima kuizunguka injini ya petroli, kisha akalitengeneza kwa ajili ya kuuza. Wanaomtaja Henry Ford kuwa mvumbuzi wa gari wakumbuke kwamba gari lake la kwanza lilitoka 1896, miaka kumi baadaye.

Sasa Bertha. Kabla ya harusi yao mwaka 1872, Bertha Ringer wa Pforzheim aliomba mapema fungu lake la mali kutoka kwa wazazi, akalitumia kuiokoa karakana ya mchumba wake iliyokuwa imekwama kwa mbia asiyeaminika. Kila kilichofuata kilisimama juu ya fedha hizo.

Miaka miwili baada ya hataza, gari lilikuwa halina wateja. Karl alikuwa mtu wa kurekebisha na kurekebisha, asiyethubutu kulitoa. Agosti 1888 Bertha aliamka mapema, akawachukua wanawe Eugen na Richard, wakaondoka Mannheim bila kumwambia Karl, wakielekea Pforzheim kwa mama yake. Ni zaidi ya kilomita 100 kwa njia waliyopita. Hakuna gari lililokuwa limewahi kwenda mbali hivyo. Vituo vya mafuta havikuwapo, kwa hiyo mjini Wiesloch alinunua ligroini, kimiminika cha kuondolea madoa, katika duka la dawa. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ulipochubuka, aliukinga kwa mshikizo wa soksi zake. Breki za mbao zilipolika, alimwendea fundi viatu akapigiliwa vipande vya ngozi, na hivyo akapata kitu ambacho leo tungekiita brekipedi. Kwenye milima vijana walishuka kusukuma.

Aliporudi alimweleza mumewe yaliyoshindikana, na gari likaongezwa gia ya kupandia milima. Mwanamke huyu alikuwa mtaji wa kampuni, dereva wake wa majaribio na mtangazaji wake wa kwanza. Alifariki 1944 akiwa na miaka 95. Kumwita abiria ni kumdhulumu.

"Ni gari la wakubwa tu"

Najua dhana hii ilikotoka. Baada ya uhuru, Kenya na Tanzania zilipata tabaka la viongozi na matajiri ambalo wananchi waliliita Wabenzi, na jina liliwakaa kwa sababu lilikuwa kweli. Picha ya gari jeusi lenye bendera mbele haijafutika vichwani mwetu.

Lakini Ujerumani kwenyewe Benzi ni teksi. Mwaka 1936 kampuni ilitoa 260 D, mojawapo ya magari ya kwanza ya abiria ya dizeli kutengenezwa kwa wingi, na wenye teksi ndio waliolichangamkia, kwa sababu dizeli ilikula mafuta kidogo na injini ilivumilia kazi ya kutwa. Tangu hapo Benzi imekuwa pia lori, basi, gari la wagonjwa na gari la zimamoto. Huko Morocco, kwa miongo mingi 240 D zilibeba abiria sita, mbali na dereva, kati ya mji na mji, mizigo ikiwa juu. Mfano wa W123, uliotoka kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, uliuzwa karibu milioni 2.7. Idadi hiyo haifikiwi kwa kuwauzia mawaziri. Kwa maoni yangu, sifa ya nyota ile ilijengwa na madereva wa teksi kuliko marais.

"Bati gumu ndiyo usalama"

Hii naisikia gereji kila leo: "Benzi za zamani zilikuwa chuma, hizi mpya ukizigusa zinabonyea." Kubonyea huko ndiko uvumbuzi wenyewe. Mhandisi Béla Barényi, aliyeajiriwa Daimler-Benz mwaka 1939, alipinga imani ya enzi zake kwamba gari salama ni lile lisiloharibika. Mgongano una nishati, na nishati hiyo lazima iende mahali. Mbele na nyuma ya gari pakikunjamana, nishati inamalizikia kwenye chuma. Pasipokunjamana, inawaishia waliomo ndani. Kwa hiyo alipendekeza chumba cha abiria kiwe imara na ncha mbili za gari ziwe laini. Wazo hilo lilipewa hataza mwanzoni mwa miaka ya 1950 na likaingia barabarani kwenye W111 ya mwaka 1959. Leo karibu kila gari jipya duniani limeundwa hivyo. Wangapi wanalijua jina lake?

Hata hivyo wapo wanaotia chumvi upande wa pili, wakidai kila kitu cha usalama kilianzia Mercedes. Mkanda wa pointi tatu tunaoufunga leo ulitoka Volvo mwaka 1959, kazi ya Nils Bohlin. Mifuko ya hewa iliwahi kuuzwa kwenye magari ya General Motors katika miaka ya 1970, kabla ya Mercedes kuileta upya kwenye S-Class, gari lake la kifahari, mapema miaka ya 1980. Breki za ABS za kielektroniki, zinazozuia magurudumu kukwama, zilizoingia S-Class mwaka 1978 zilikamilishwa pamoja na Bosch.

"Wakati wa vita waliuza tu magari"

Wapenzi wa chapa hii wengi hawataki kugusa sura hii. Hitler alipanda Mercedes 770, na picha hizo zinajulikana. Zisizojulikana ni za karakana. Daimler-Benz ilitengeneza injini za ndege na zana za kivita, na mwaka 1944, kati ya wafanyakazi wake 63,610, karibu nusu walikuwa raia walioburutwa kutoka nchi zilizotekwa, mateka wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Katika kiwanda cha Genshagen, kusini mwa Berlin, kulikuwa na wanawake walioletwa kutoka kambi ya Ravensbrück.

Kampuni iliruhusu suala hili lichunguzwe miaka ya 1980, na mwaka 1988 ikatoa mark milioni 20 kwa ajili ya waathirika na mashirika yanayowasaidia, zaidi ya miaka 40 baada ya vita kwisha. Wengi walikuwa wameshakufa bila kuona hata senti. Uzuri wa magari ya kabla na baada ya vita hauondoi jambo hili, na sioni sababu ya mtu kulificha eti kwa kuwa anaipenda nyota.

"Benzi ni ya Wajerumani, inatoka Ujerumani"

Kuwait imeshika hisa tangu 1974. Mchina Li Shufu wa kampuni ya magari ya Geely alinunua takriban asilimia 9.7 mwaka 2018, na kampuni ya serikali ya China, BAIC, ina hisa zinazokaribia asilimia 10. Viwanda vipo Alabama, Beijing, Kecskemét nchini Hungary, na East London nchini Afrika Kusini.

East London ndiko lilikotoka gari ambalo, kwangu mimi, lina thamani kuliko yote yaliyowahi kubeba nyota hiyo. Mwaka 1990, Nelson Mandela alipotoka gerezani, wafanyakazi weusi wa kiwanda kile waliomba kumtengenezea zawadi. Kampuni ilitoa vipuri, wao wakatoa nguvu zao kwa saa za ziada bila malipo. Walilijenga S-Class jekundu, wakamkabidhi uwanjani Mdantsane mwezi Julai mbele ya umati. Sasa liko katika Jumba la Makumbusho la Apartheid, Johannesburg.

"Benzi haifi"

Mgiriki Gregorios Sachinidis, dereva wa teksi wa Thessaloniki, aliifikisha 240 D yake kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 ikapelekwa makumbusho ya kampuni. Watu husimulia hapo wakaishia. Hawasemi kwamba alikuwa na injini zaidi ya moja zilizopokezana, hii ikiwa ndani ya gari na nyingine ikifanyiwa matengenezo. Gari lilidumu kwa sababu mtu alilihudumia bila kuchoka.

Tena si kila Benzi ni 240 D. Waya za baadhi ya magari ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na ganda lililokauka na kupasuka kwa joto. E-Class ya W210 ilishika kutu mapema. Mwaka 1997 A-Class mpya ilipinduka kwenye jaribio la kukwepa kikwazo nchini Sweden, na kampuni ikalazimika kuifungia kila moja mfumo wa ESP, unaozuia gari kuteleza. Mwaka 2005 iliita magari milioni 1.3 kwa matengenezo.

Nasema haya kwa ajili ya msomaji anayetazama C200 Kompressor kutoka Japani, usukani kulia, bei ikimvutia kuliko Toyota ya umri uleule. Injini ya M271 iliyo ndani ya mengi ya magari hayo inajulikana kwa mnyororo wa taimingi unaolegea na meno ya gia zake kulika. Washa injini ikiwa baridi kabisa, usikilize mkwaruzo wa sekunde chache za mwanzo. Dai karatasi za sevisi, na uone oili iliyotumika ni ile inayokubaliwa kwa injini hiyo. Gari likague kwa fundi mwenye kompyuta inayosoma mifumo ya Mercedes, usitegemee kifaa cha jumla kinachosoma injini peke yake, kisha mwulize spea za mnyororo na kazi yake zitagharimu kiasi gani, na kiasi hicho ukijumlishe kwenye bei kabla hujalipa.